Mkono wa Mzee Kwenye Meza ya Nne

Kwa jumla mechi ile ilitugharimu ligi, chumba na mtu mmoja. Chakula sikiweki kwenye hesabu, maana tungekula hata tungeshinda.

Timu yetu ya chesi ilikuwa ya watu wanne, na kila Jumamosi tulicheza Kizota, nyuma ya karakana ya fundi mageti. Chumba alitupa bure kwa sharti kwamba tubaki kwenye ligi, apate cha kujivunia mbele ya wateja. Mtu ninayemsema alifanya kazi kwenye kinu cha alizeti cha jirani; kwao Haneti. Alikuja akinukia mafuta, karanga mfukoni, na kila alipokula kete yangu alinipa punje moja.

"Rambirambi hiyo, kaka."

Kuna siku nilishiba.

Mechi ya mwisho ya msimu tulicheza ugenini, kule Chimwaga. Meza tatu zilipomaliza tulikuwa nyuma kwa mchezo mmoja. Ikabaki meza ya nne, ya kwake. Akishinda, timu zinatoka sawa na sisi tunabaki ligi. Akitoka sare, tumeshuka. Nilihesabu kete zake mara mbili, kama ninavyohesabu chenji. Alikuwa mbele kwa ngome nzima.

Mpinzani wake alikuwa mwalimu mstaafu, rika la babu yangu. Aliitazama bodi, akaitazama tena, kisha akanyoosha mkono juu ya meza.

"Tuishie hapa, mjukuu wangu?"

Kwenye chesi mkono wa namna hiyo ni kuomba sare, ukiushika umekubali. Mwenzetu alilijua hilo kuliko sisi wote. Ila kwao mkono wa mzee hauachwi hewani. Akainuka, akaupokea kwa mikono miwili, magoti yamekunjwa kidogo.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Umelelewa."

Mwamuzi akaandika sare.

"Si ungeuacha tu!" nilimwambia nje. "Mimi sokoni wazee nawaachia mikono hewani mpaka bei ishuke."

"Ndiyo maana hawakusalimii."

Wenzetu wakacheka. Yeye hakucheka.

Fundi akajaza mageti chumbani. Mwenzetu akaacha kinu, akarudi Haneti kulima. Nikimpigia simu tunaongea mvua, mbegu na watoto. Nikigusia chesi mtandao wake unakatika, na huku nawasikia kuku wake vizuri kabisa.

Jumamosi mchana miguu bado inanipeleka nyuma ya karakana. Nasimama pale kama mtu anayeulizia bei ya geti. Namwona alivyokuwa akikaa, kiti kakigeuza, kidevu juu ya egemeo lake, akiimba chinichini wimbo wa Kigogo. Sikuwahi kumuuliza unasema nini. Nilidhani muda upo.

Sasa fundi amelegea: tukitimia wanne, tuanzie daraja la chini, chumba anatoa. Wale wawili wamekubali. Amebaki yeye, na bila yeye mimi mwenyewe sina hamu. Nikimwambia nimemsamehe, nitakuwa nimekiri kwamba ana kosa. Nikisema sikumlaumu, atanicheka, maana pale nje alinisikia.

Ninyi mliowahi kumrudisha mtu aliyeondoka kwa aibu, mlianza na neno gani? Nishaurini mapema. Kesho asubuhi napanda basi la Haneti, na sijui nikimkuta shambani nifungue mdomo kwa lipi.