Mazimwi Niliowapanga Mstari

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilipokuwa kijana wa kusafisha ofisi pale Oud Metha, Dubai, miaka ya elfu mbili na kitu. Nilipangiwa chumba kimoja walimokuwa wakitengeneza sinema ya watoto ya kuchekesha, ya mazimwi, kwa ajili ya Halloween, ile sikukuu ya Wazungu ya kutishana. Mezani palijaa midoli ya udongo: mmoja una pembe, mwingine macho matatu. Mfilipino mmoja, Joel, alishinda ameinama hapo. Anasogeza kidole cha mdoli kidogo tu, anapiga picha, anasogeza tena. Nilikuwa nakufa kwa hamu ya kujua. Mtu mzima anacheza na midoli kutwa, na analipwa? Lakini kuuliza niliona aibu, nikajifanya sina habari.

Mchana mmoja Joel alikwenda kula. Nikaikuta midoli imekaa shaghalabaghala, mmoja mguu juu. Nikaifuta vumbi yote, nikaipanga mstari kama wanafunzi paredi, nikaondoka najisifu.

Kumbe zile picha zikiunganishwa ndipo midoli huonekana inatembea, na kila mdoli uliachwa pale pale ambapo picha inayofuata ingeanzia! Kazi ya siku tatu ikaharibika. Arbab, mwenye kazi, akamkaripia Joel kwamba ni mzembe, akaapa kumfutia viza arudi kwao. Nami nilikuwa hapo hapo nadeki, nimefunga mdomo. Niliogopa, sikufichi.

Msimamizi wetu, Mzee Salum wa Unguja, alinijua: hata ndoo nilikuwa nazipanga mstari. Akanivutia kwenye ngazi.

"Wewe ndiye uliyeipanga?"

"Ndiyo, mzee. Nilidhani imevurugika."

"Siku zote hizo unamwona akisogeza kidole, hukutaka kujua kwa nini?"

"Nilitaka mno, mzee."

"Basi si ungemuuliza! Yalla, nenda kaseme."

Nikaenda, nikakiri mbele ya Arbab na Joel kwamba ni mimi. Arbab alifoka mpaka akachoka, kisha akasema, "Khalas, basi, hakuna muda wa kurudia, endeleeni hivyo hivyo walivyopangwa." Joel akabaki na kazi yake. Mimi nikahamishiwa kudeki ngazi.

Sinema ilipokamilika tuliitwa sote kuitazama, na watoto wa wafanyakazi wakaletwa. Mwanangu, ilikuwa imepooza! Mazimwi hawatishi wala hawachekeshi, watoto wanapiga miayo. Walicheka mara moja tu, pale mazimwi walipojikuta ghafla wamesimama mstari mmoja, safi, hawana hata vumbi. Joel akanipiga kiwiko, akaninong'oneza kwa Kiingereza chake, "Hapo ni kazi yako." Nikacheka huku machozi yananilenga, maana kile kiti alichokalia nusura kiwe kitupu kwa sababu yangu.

Kwa hiyo, mwanangu, kitu usichokielewa usikinyooshe kabla hujamuuliza mwenye nacho. Na ukiharibu, sema mapema, mwenzio asibebe lawama yako. Mungu akupe ulimi mwepesi wa kuuliza na moyo wa kukiri, na wale utakaowakosea akujaalie bado wakae karibu nawe. Amina.