Baraka Niliyoifuta Sultan Hamud

Nina hoteli tatu barabara ya Mombasa, na hakuna mtu aliyenishika mkono. Juzi, katika ile ya Sultan Hamud, nilimwona mama akimtemea mwanawe mate kifuani, baraka yetu Wakamba ya kuagana. Nilikimbilia jikoni, nikasingizia moshi.

Nilipokuwa mtoto, Mama na shangazi walinileta mjini humu, wakisema ni kutembea tu. Tulikuja kuona treni, tukakuta imeshapita, imebaki harufu ya dizeli. Hoteli ya kwanza chapati zilikuwa zimeisha. Ya pili ilikuwa na mbuzi wa mchuzi, nikala mpaka nikalegeza mshipi.

"Kula, baba," Mama alinicheka. "Hilo tumbo ni la babu yako kabisa."

Pale stendi alinifungua kifungo, akanitemea mate kifuani. Nilidhani ananisafisha mchuzi.

"Mama, watu wanaona," nilisema, nikajifuta kwa shati.

Akamgeukia shangazi, akamwambia, "Mrudishe nyumbani."

Mama alikuwa anaenda Nairobi kupasuliwa. Hakurudi.

Kanisani wananiita mtu aliyebarikiwa, na mali wanaiona. Lakini baraka ya Mama niliifuta mwenyewe, akiniangalia.