Jina la Mardhiya kwenye Ubao wa Pellingham

Orodha ilibandikwa kantini Jumatatu asubuhi, juu ya mashine ya chai, na Mardhiya aliisoma mara tatu kabla ya kuyaamini macho yake. Majina kumi na moja. Lake halimo.

Akashuka ngazi na kikombe mkononi, chai haijaguswa, mpaka kwenye chumba cha mapazia nyuma ya ghorofa ya tatu. Akakaa mbele ya cherehani yake. Hakushona kitu.

Duka la Pellingham la Ilford, mashariki ya London, lilikuwa limebakiwa na siku kumi na mbili. Mtu asiyelijua atasema duka ni duka, likifungwa hili litafunguliwa jengine. Lakini Pellingham halikuwa duka la kuingia na kutoka. Chini kabisa manukato na mikoba, juu yake nguo za wanawake, halafu za wanaume na viatu vya watoto, kisha vitanda, mashuka na mapazia, na juu ya yote mkahawa ambao mabibi wa Ilford walikuwa wakienda kunywa chai ya saa kumi wamevaa kofia zao kana kwamba wanakwenda harusini.

Pellingham wa kwanza, wanavyohadithia wenyewe, alikuwa muuza vitambaa huko kaskazini, enzi za yule malkia aliyefiwa na mumewe akavaa nguo nyeusi miaka arubaini. Alianza na chumba kimoja. Wanawe wakafungua matawi, wajukuu wakaongeza, hata yakafika ishirini na mawili. Na mzee yule aliacha desturi moja: mfanyakazi akitimiza miaka ishirini na mitano, jina lake linaandikwa kwa rangi ya dhahabu kwenye ubao wa mti wa mwaloni. Ubao wenyewe hauwekwi mbele ya wateja. Unawekwa kwenye ngazi za wafanyakazi, zile za saruji zinazonuka supu, wauone wale wanaopanda nazo kila siku. Kila tawi lilikuwa na wake. Halafu watu wakaanza kununua mashuka kwa simu wamelala, matawi yakafa moja moja, na sasa yamebaki matano. Likitoka la Ilford, manne.

Ubao wa Ilford ulikuwa umeombwa na makumbusho ya mtaa. Kabla haujang'olewa, mchoraji angekuja Alhamisi ya wiki ya pili kuandika majina ya mwisho, yale kumi na moja ya kwenye orodha. Na Mardhiya alikuwa ametimiza miaka yake ishirini na mitano mwezi wa Machi.

"Mama Miska, mbona umekaa hivyo kama umefiwa?" Marion alisimama mlangoni, Mkenya wa kaunta ya manukato, ananukia manukato sita kwa pamoja. "Nimeangalia hiyo orodha. Jina yako iko wapi?"

"Halimo."

"Halimo, na wewe umekaa tu? Si uende kwa Lawrence!"

"Nikamwambie nini?"

"Umwambie ameruka mtu! Mimi wangeniruka, hii nyumba ingetingishika mpaka hao wanawake wa plastiki waanguke na nguo zao." Akamshika mkono. "Twende."

Lawrence alikuwa meneja wa saba tangu Mardhiya aanze kazi. Kijana mwema, ila siku hizo alikuwa na macho mekundu kama mtu aliyesafiri. Akaigeuza kompyuta waione.

"Bi Musab, hapa umeanza Oktoba elfu mbili na nane. Una miaka kumi na sita."

"Nimeanza Machi, mwaka elfu mbili."

Akatafuta. "Machi elfu mbili yuko mwengine. Mardhiya Ameir. Aliacha kazi Septemba elfu mbili na nane."

"Huyo ni mimi."

"Na huyu?"

"Na huyo ni mimi."

Sasa hapa yataka kueleza. Kwao Mardhiya, Wete, Pemba, mtu ana jina lake, la baba yake na la babu yake, na akiolewa habadili kitu. Alipofika Uingereza karatasi zake ziliishia kwa baba, Ameir, na Pellingham wakamwandika hivyo. Miaka minane baadaye akapata pasipoti ya hapa, majina yote matatu kamili. Akaipeleka ofisini wiki ile ile waliyokuwa wakihamia kompyuta mpya, na kompyuta ikashika la mwisho. Mwanamke mmoja akatoka, mwengine akaingia, na aliyekaa kwenye cherehani hakuinuka.

Barua zikaanza kuja kwa Bi Musab. Mardhiya aliona. Tena alifurahi. Babu yake Musab hakuwahi kwenda mbali kuliko Unguja, tena mara moja, kutibiwa jicho, na leo anaandikiwa barua London. Acha naye apate zake.

Juzijuzi, mwaka juzi, walimpa beji ya miaka kumi na mitano, naye ana ishirini na mitatu. Hilo pia aliliona. Lakini mtu kasimama mbele ya watu anakupa zawadi, wewe umwambie amekosea? Aliipokea kwa mikono miwili.

"Ukanyamaza?" Lawrence aliuliza, alipokwisha kuelezwa.

"Nilishukuru," alisema Mardhiya.

Marion akajifunika uso kwa viganja.

Lawrence aliandika makao makuu, jibu likaja kesho yake. Hawakukataa. Walitaka kitu cha dukani, cha nyakati zote mbili, kinachoonyesha kuwa wanawake wale ni mmoja, kiwafikie kabla ya Jumatano ya wiki ya pili. Faili za zamani zilishasagwa. Bi Maureen, msimamizi wa chumba cha mapazia aliyemwajiri, alikwisha kufa. Pasipoti haikusaidia, maana haikuwa kitu cha dukani, tena ilitolewa miaka minane baada ya yule wa kwanza kuanza kazi.

Nyumbani Barking, Miska alimsikiliza mama yake huku akila. Miska amezaliwa hapa. Kiswahili anakisikia chote, kujibu hujibu kwa Kiingereza.

"Mama, wanakuachisha kazi, na wewe unataka wakuandike ukutani?"

"Hawaniachishi, wanafunga."

"Ni ubao tu."

Mardhiya alikata chapati vipande vidogo asivyovila. "Mwanangu, nimeshona mapazia ya nusu ya Essex. Watu wanayafunga usiku, wanayafungua asubuhi, hakuna anayejiuliza kashona nani. Mwakani jengo lile litakuwa fleti. Ukiulizwa mama yako alikuwa wapi miaka yote hiyo, utaonyesha nini?"

Miska akachukua chapati nyengine. Akatafuna. Halafu akauliza, kama mtu anayetaka kubadilisha mazungumzo: "Pazia likirudishwa na kasoro, mlikuwa mnajuaje ni la nani?"

Mardhiya akakiweka kipande cha chapati chini.

Kwa sababu walikuwa wanajua. Bi Maureen alitaka kila mshonaji aache alama yake ndani ya upindo, kwenye kona, karibu na kile kitambaa chenye jina la duka na mwaka. Maureen mwenyewe aliweka uzi mwekundu. Mama mmoja wa Cyprus aliweka msalaba mdogo. Mardhiya, aliyeanza kushona kofia kibarazani kwao kabla hajajua kusoma, aliweka vitobo vitatu vya kofia, vimezungushiwa uzi na kukazwa. Maureen alivitazama kwa miwani yake akasema vitobo hivi hakuna mwengine London atakayevitoboa.

Na alikuwapo mteja mwenye mapazia ya nyakati zote mbili. Bi Lila, Mhindi wa Unguja, aliyekuwa jirani wa duka mpaka alipohamia Tooting, kusini ya London, kwa mwanawe. Alihama na mapazia yake ya sebuleni, na miaka kumi iliyopita akarudi Ilford kwa treni kuagiza ya chumbani, kwa sababu Tooting, alisema, hawajui kukunja upindo.

Jumamosi Mardhiya alikwenda.

"Karibu, karibu," alisema Bi Lila mlangoni, fimbo mkononi. "Wenzako huja kunitazama na biskuti. Wewe umekuja na mkasi?"

"Na biskuti pia, bibi. Nakuomba nifumue upindo wa mapazia yako."

"Yamekosa nini?"

"Hayakukosa kitu. Nimekosa mimi." Akamweleza.

Bi Lila alicheka mpaka akakohoa. "Wewe! Miaka kumi na saba watu wanakukata vipande viwili, nawe unasema asante! Fumua. Lakini utayashona kabla hujaondoka, mwanangu ana majirani wadaku."

Walianza na la sebuleni. Uzi ulitoka kwa shida, na Mardhiya akaona fahari kidogo kwa ile shida. Kitambaa cha duka kilisema elfu mbili na tatu. Vitobo vitatu vilikuwa pale, vidogo kama mbegu za ufuta, havikulegea. Alivigusa. Mwaka ule mume wake alikuwa hai, Miska alikuwa tumboni, na macho yake hayakuhitaji miwani. Vya pazia la chumbani, la elfu mbili na kumi na tano, vilikuwa vikubwa zaidi, na kimoja kimekwenda upande. Lakini mkono ni ule ule, hata Bi Lila aliuona.

"Umezeeka, Mardhiya," alisema kwa upole.

"Nimezeeka, bibi."

Wakapiga picha kwa simu, kidole gumba cha Bi Lila kimeingia katika zote. Kisha Mardhiya akayashona mapindo kwa mkono, wakanywa chai, na jua likawa limeshuka alipopanda treni.

Jumatatu Lawrence alizituma picha, na moja ya pazia lililokuwa bado kwenye cherehani, halijamalizwa, lenye vitobo vile vile. Jumanne kimya. Jumatano, karibu na saa kumi, likaja jibu la mstari mmoja: wamekubali. Marion alipiga vigelegele katikati ya manukato, mzee mmoja akaangusha chupa, na hakuna aliyemdai.

Mchoraji alikuja Alhamisi, Mwingereza mnene mwenye brashi nyembamba kama kope. Majina kumi na moja yalikwisha kuandikwa, yote kama yale ya zamani: herufi moja, nukta, jina la ukoo. Lawrence akasoma la mwisho kwenye karatasi yake: "M. Musab."

"La," alisema Mardhiya.

Lawrence akageuka. Nafikiri hakuwahi kulisikia neno lile kutoka kwake.

"Yote matatu. Mardhiya Ameir Musab."

"Bi Musab, utaratibu wa ubao tangu mwanzo ni—"

"Utaratibu ndio ulionigawa. Ukiandika Musab, aliyekuja mwaka elfu mbili hayumo. Ukiandika Ameir, hayumo aliyeko hapa mbele yako. Niandike mzima, au uniache kabisa."

Lawrence alimtazama mchoraji. Mchoraji aliupima mstari kwa rula, akakuna shingo.

"Nitazibana herufi kidogo," alisema. "Zitaenea."

Ilimchukua karibu saa nzima. Mardhiya alikaa kwenye ngazi, akaangalia kila herufi inavyoanza ikiwa mvua na inavyotulia. Alipomaliza, mchoraji aliwaonya kuwa rangi haitakauka mpaka jioni, akaenda zake.

Na ngazi zile ndizo walizokuwa wakishushia kila kitu kilichouzwa siku ile, rafu, vioo, sanamu za nguo zisizo na mikono. Mardhiya hakurudi chumbani. Alisimama mbele ya ubao, mgongo ukiuelekea, mikono ameitandaza.

"Piteni upande ule," aliwaambia wabebaji. Lawrence akaja nyuma yao, amekumbatia sanamu ya mtoto. "Nawe pia, Lawrence. Upande ule. Taratibu."