Kipande cha Maini Mkononi

Mtaani kwetu wanamwita Mwalimu, na wakishasema Mwalimu hucheka, maana wanafunzi wake wana mikia. Ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu. Kila Jumamosi asubuhi hukusanya watu na mbwa wao kwenye uwanja wa mpira nyuma ya shule, kiunoni kafunga mfuko wa maini ya kuchemsha. Mbwa akikaa alipoambiwa, anapata kipande. Asipokaa hapati, basi. Hakuna fimbo wala kufoka.

"Na cheti watapewa?" jirani mmoja alimtania.

"Watapewa. Wako arudie darasa kwanza, na wewe pamoja naye."

Alianza chini kabisa, kwa kufagia vibanda vya daktari wa mifugo. Miaka sita. Alinuka dawa mpaka dada akampiga marufuku kwenye kochi. Mbwa wakali walioletwa wamefungwa midomo kwa kamba, yeye aliketi nao sakafuni, amewapa ubavu, akisoma kitabu chake, mpaka wenyewe wakaja kumnusa. Nilipenda kumsikia akisimulia hayo, ingawa kila mara nilitafuta sababu ya kutoka nje kabla hajamaliza.

Sababu ni hii. Mimi nilifunza mbwa wa kampuni ya ulinzi miaka ishirini na tisa, na nilifunza kwa mkanda wa ngozi. Samaki mkunje angali mbichi, ndivyo nilivyojiambia. Mpwa wangu akiwa darasa la tatu, mama yake alimtuma aniletee chakula kazini, akanikuta nimeuinua mkanda huo juu ya mbwa. Aliweka bakuli juu ya ukuta, akaondoka bila hata shikamoo. Hatukuwahi kulizungumza.

Sasa, Jumamosi moja akanialika uwanjani. Nikavaa kofia yangu nzuri. Mama mmoja mwenye kijibwa cha manyoya akamuuliza, "Mwalimu, kazi hii ulijifunzia wapi?"

Akanionyesha kwa kidevu. "Kwa mjomba wangu yule. Yeye ndiye wa kwanza kunionyesha."

Wakapiga makofi. Nikatabasamu kama mjinga.

"Basi mzee atuonyeshe na sisi!"

Pale palikuwa na Koplo, mbwa mzee wa kampuni, ambaye mpwa wangu alimchukua nyumbani kampuni ilipomtupa. Koplo naye alipita mikononi mwangu. Mpwa wangu alisita kidogo, halafu akanipa kipande cha maini. Nikasogea. Jua lilinichoma, nikainua mkono niirekebishe kofia.

Koplo akalala chini papo hapo, tumbo ardhini, masikio nyuma.

"Loo! Hata hajasema neno!"

"Mzee ana mkono huyu! Laiti mume wangu angetii hivyo!"

Makofi tena. Chini ya Koplo vumbi lilikuwa linalowa. Wao walikuwa mbali, hawakuona. Mpwa wangu aliona, akanitazama tu. Ningeweza kurudi nyumbani bingwa.

"Acheni makofi," nikasema. "Huyu hajatii. Amejikojolea. Nilikuwa nampiga."

Yule mama akakivuta kijibwa chake katikati ya miguu yake, na hilo ndilo lililoniuma kuliko neno lolote.

"Kaa chini, mjomba," mpwa wangu akasema. "Mpe ubavu. Usimtazame."

Nikaketi, magoti yakilia. Nikanyoosha mkono. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Wangu ulikuwa na maini na haukulambwa. Yalipata joto kiganjani, watu wakaaga, uwanja ukabaki wetu.

"Kwa nini uliwaambia vile?" nikamuuliza.

"Sikudanganya. Wa kwanza kunionyesha ni wewe, mjomba. Nikaweka bakuli ukutani, nikasema, lazima iwepo njia nyingine."

Nilitazama nyasi.

Nimerudi Jumamosi nne tangu siku hiyo. Wengine hunisalimia, wengine wanajifanya wanafunga kamba za viatu, na sina neno nao. Kofia naiacha nyumbani, nisije nikainua mkono. Jumamosi iliyopita Koplo alikuja kwa nyuma, akachukua kipande kwa ncha ya meno, akaenda nacho mpaka nyuma ya goli. Akakila kule, macho kwangu.