Vespa Iliyosukumwa hadi Michenzani

Moshi wa vespa kuukuu una harufu yake: petroli iliyochanganywa na oili, nzito, tamu kidogo, ya kubaki puani hata mwenye chombo akishakata kona. Mwezi uliopita harufu hiyo ilinikuta nimesimama pembeni ya kiwanja, nasoma fomu ya kumwandikisha mwanangu timu ya watoto. Kifungu cha tatu kilisema mwalimu asibaki peke yake na mtoto, wala asimpakie kwenye chombo chake bila ya mtu mzima mwengine kuwepo. Mimi, mtu wa chuo kikuu niliyezoea kutia sahihi vitu bila ya kuvisoma, nilikisoma kifungu kile mara nne.

Nilikuwa na miaka tisa. Baba alikuwa Arabuni akitafuta maisha, na nadhani aliyapata, maana hakurudi. Mama alikuwa muuguzi, na zamu zikimchukua jioni. Tukiishi Michenzani, ghorofa ya tano, na mara nyingi nyumbani tukiwa wawili tu, mimi na redio. Ndiyo maana kila alasiri nikienda kucheza mpira Mnazi Mmoja. Nasema kucheza, lakini nilikuwa beki ambaye washambuliaji wakimpita huku wakimpa pole. Nikienda kwa ajili ya Maalim Khatibu.

Asubuhi Maalim alikuwa fundi cherehani, alasiri mwalimu wetu wa mpira. Mrefu, mkimya, mwenye vespa ya kijani aliyoifuta kwa kitambaa kila baada ya mazoezi. Kiti chake cha nyuma hakikuwahi kukaliwa na mtoto. Wenzangu wote walikuwa wa Mji Mkongwe, wakiondoka kwa kundi, wakisukumana na kucheka. Njia yangu ilikuwa upande wa pili, na Maalim naye akiishi huko huko, mbele kidogo ya kwetu.

"Maalim, nipakie."

"Twende kwa miguu, baba. Miguu ndiyo mpira."

Basi akiisukuma vespa ubavuni mwangu, injini imezimwa, kwa njia kuu yenye watu, akisalimia kila aliyekaa nje. Vichochoroni hakupita hata siku moja, ingawa huko ndiko kwenye kivuli.

"Maalim, imekufa tena hiyo?" watu wakimuuliza.

"Imechoka," akijibu.

Haikuchoka. Nikiliona tangi likijazwa. Niliamua kwamba mimi ndiye nisiyestahili kile kiti.

Siku moja nikaamua kuvunjika mguu. Nilianguka bila ya kuguswa na mtu, nikalia kwa ustadi ambao sikuwahi kuuonesha kwenye mpira. Maalim akanibonyeza kifundo mbele ya wote, akatikisa kichwa, kisha akaniinua na kuniweka kiti cha nyuma. Moyo ulinipasuka kwa furaha. Nikajishikilia, nikisubiri ngurumo.

Hakupanda. Alishika usukani kwa mikono miwili, akaanza kusukuma.

"Tazameni mkokoteni wa Maalim!" wenzangu wakapiga kelele, wakaacha njia yao ili watufuate.

"Maalim, gunia hilo la muhogo linakwenda wapi?"

Nilipelekwa hivyo mpaka Michenzani, polepole kama bidhaa. Chini ya ngazi Maalim hakupanda nami. Alimwita jirani yetu wa ghorofa ya kwanza: "Bi Mwajuma!"

"Naam!"

"Huyu mwanao kaumia. Mpandishe juu, umkalie mpaka mamake arudi."

Hapo nikamwambia neno ambalo nilikuwa nalo tangu mwanzo wa msimu. "Kumbe hunipendi."

Alinitazama. "Pole, baba," alisema. Akakanyaga kiki mara moja tu, vespa ikawaka, moshi ukanijaa usoni. Nilipanda ngazi kwa miguu miwili mizima, nimesahau hata kuchechemea, Bi Mwajuma nyuma yangu akicheka.

Sikurudi kiwanjani. Maalim alikuja mara mbili kuniulizia, akasimama chini, akaliita jina langu kwa sauti ya kusikiwa na jengo zima. Mara zote mbili niliongeza sauti ya redio.

Nilikuwa na mvi nilipompelekea suruali aniongezee kiuno, kazi iliyohitaji kitambaa kingi kuliko nilivyotarajia. Baada ya shikamoo na marahaba, nikajitia utani.

"Maalim, siku ile vespa ilikuwa na mafuta?"

"Tele."

"Basi mbona hukunipakia?"

Mguu wake ukaacha kukanyaga cherehani. "Mimi nlipakiwa," alisema. "Na mtaa mzima ukisema, mtoto huyu ana bahati."

Akanyoosha suruali yangu chini ya sindano, akaendelea kushona. Sikuuliza ni nani aliyempakia. Nilikaa pale mpaka akamaliza.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo kichwani nilipotia sahihi ile fomu. Sikuondoka, nilikaa ukutani mpaka mazoezi yakaisha, mwanangu akijifanya hanijui. Miaka yote nilidhani jioni zile tulikuwa mtoto mmoja mpweke na mtu mzima asiyemtaka. Kumbe katika safari ile tulikuwa watoto wawili, na mmoja wetu hakupata mtu wa kumsukumia vespa.