Taiti Kumi na Nne Nilizozichemsha kwenye Chai

Admin, jina langu lifunike kabisa. Waswahili wa Sydney tunajuana wote, na mama yangu yumo humu anasoma kila kitu halafu anajifanya hayumo.

Mimi ni kijana wa miaka ishirini na moja, mtanashati, hilo usilifunike. Nililetwa huku kutoka Tanga nikiwa na miaka kumi na mitatu, shule ikanishinda njiani, sasa naendesha folklifti ya kunyanyulia mizigo kwenye ghala moja kule Wetherill Park. Na kwa folklifti sina mpinzani, hata bosi anakubali huku amenuna. Baba hayupo. Mdogo wangu wa kike, tumwite Tunu, ana miaka kumi na minne, nimemlea mimi na mama.

Tunu anacheza mchezo wa kuteleza kwenye barafu. Msicheke. Nilicheka mimi wa kwanza, siku moja nikajaribu, nikaanguka kama gunia la mkaa mbele ya watoto wa chekechea. Lakini yule mtoto akiingia pale, wallahi unasahau kupumua. Yumo kwenye timu ya wasichana kumi na wanne, wanateleza kwa pamoja wameshikana mikono. Kuna Mchina mmoja, Mhindi mmoja, mweusi Tunu peke yake, waliobaki wote wazungu.

Sasa sikilizeni kilichonichefua. Sare yao ni gauni la bluu na taiti. Pakiti ya taiti imeandikwa "rangi ya ngozi". Ngozi ya nani? Rangi yenyewe kama maandazi yaliyotolewa mafutani kabla hayajaiva! Mtoto wa watu anavaa, juu uso wa Tunu, chini miguu ya mtu mwingine. Mama akaona aibu hiyo haivumiliki. Akachemsha majani ya chai, akatia chumvi, akaloweka ile taiti mpaka ikashika rangi ya miguu ya Tunu sawasawa. Mtoto alijitazama kwenye kioo akacheka peke yake.

Siku ya mashindano kocha akamwona, akamvuta pembeni. Nilikuwa pale, nimesikia kwa masikio yangu.

"Mpenzi, hizi zinakutenga na wenzako. Majaji wanataka kuona timu moja, miguu yote ifanane."

"Lakini sasa hivi ndiyo inafanana na mimi," Tunu akasema.

"Kabadilishe, tafadhali. Isiwe jambo kubwa."

Akaenda chooni kuvaa pakiti mpya aliyopewa na kocha. Akatoka macho mekundu, akajipaka tabasamu, akateleza. Mimi nikakaa nimeuma meno mpaka taya zikauma.

Kwenye timu yao familia hupokezana kufua sare. Mashindano yaliyofuata zamu ikawa yetu. Taiti kumi na nne, mfuko mzima, jikoni kwangu! Mama alikuwa kazini, anahudumia wazee. Nikateremsha sufuria lile kubwa la pilau. Nikamwaga majani yote. Nikachemsha taiti za timu nzima, nikakoroga kwa mwiko, napiga na mluzi. Si mnataka miguu ifanane? Haya, ifanane! Nikakausha, nikakunja vizuri, nikafunga mfuko. Asubuhi ya mashindano nikamkabidhi kocha mwenyewe mkononi.

Alipofungua, mama mmoja wa kizungu alipiga kelele kama ameona nyoka. "Huu ni ubaguzi! Mnataka watoto wetu waonekane wamejipaka weusi kuwakejeli Waafrika?"

Mnaona? Mtoto wao akivaa kahawia, ubaguzi. Wetu akivaa rangi ya mzungu, sare. Nikamwambia, "Mama, isiwe jambo kubwa. Ni rangi ya ngozi." Nikatolewa nje na walinzi wawili, nikitembea kwa maringo kama mwenye uwanja.

Maringo yakaishia pale pale. Taiti nyingine hazikuwepo. Watoto wakaingia na suruali nyeusi za mazoezi, wakakatwa alama, wakashika mkia. Tunu naye akashika mkia.

Nyumbani mama alinionyesha kopo tupu. "Majani yangu ya chai niliyobeba kutoka nyumbani, umeyamalizia kwenye soksi za wazungu?" Kisha akakaa kitini akalia, na hakuwa analilia majani.

Tunu huwa ananijibu Kiingereza. Siku hiyo alitafuta Kiswahili, neno moja moja, ili nisikie vizuri. "Kaka, uliniuliza mimi? Kocha hakuniuliza. Na wewe hukuniuliza." Akafunga mlango wa chumba chake.

Sasa klabu imemsimamisha Tunu, siyo mimi. Wanataka barua kutoka kwangu, isomwe mbele ya wazazi wote, mambo mawili: niombe radhi kwa kuharibu sare, na nikiri kwamba suala la taiti halikuwahi kuhusu rangi ya mtu. Mwisho Ijumaa hii. Isipofika, nafasi yake anapewa mtoto mwingine.

La kwanza nimeliandika, dakika mbili tu. Wale watoto niliwakosea, nakubali. La pili mkono unagoma. Hasira inanipanda upya kila nikishika kalamu, kwa sababu ni uongo, na Tunu atakuwa amekaa pale anasikia kaka yake akiusoma kwa sauti.

Na jana yule binti wa Kihindi alimtumia Tunu ujumbe. Anauliza kama anaweza kubaki na taiti yake ile ya chai, maana ndiyo ya kwanza kufanana na ngozi yake.

Tunu amenionyesha simu. Viatu vyake vya barafu bado viko mlangoni, kila siku anavifuta.

Wakubwa kwa wadogo, matusi nitayapokea, nimezoea, ila nipeni na akili: niusome ule uongo mtoto arudi barafuni, au niuchane na nimfungie mlango kwa mkono wangu mwenyewe? Safari hii nitamuuliza yeye kwanza, lakini nikimuuliza, nimwambie nini?