Nilifunga swap kwa encryption, mashine ikawa inakufa bila kusema sababu

Wakuu, salamu kutoka Kamembe, Rusizi. Sitaongeza chumvi, maana ukweli wenyewe una aibu ya kutosha.

Kaka yangu alifariki akaniachia kibanda chake cha kuchapa na fotokopi. Shule niliishia njiani, lakini kompyuta alinifundisha mwenyewe. Mashine yake inatumia mfumo wa BSD.

Baada ya mazishi nikaingiwa na hofu. Mle ndani kuna barua za familia, na vitambulisho vya watu wanaovuka kwenda Bukavu. Nikasoma uzi humu humu, nikafunga swap, ile sehemu ya diski inayopokea kilichozidi kwenye memory, kwa encryption, ufunguo mpya kila mashine inapowaka.

Nikajiona mtaalamu. Siku hiyo hiyo nikaongeza na barrette ya RAM, kile kijiti cha memory, ya mtumba, ili mashine iende mbio.

Wiki hiyo ikaanza kuanguka. Ghafla tu, inajiwasha upya.

Lawama nikampa Papa Aline, fundi jirani, kwa sababu alikuwa ameifungua kupangusa vumbi. Huyu ni rafiki wa marehemu, alibeba jeneza. Nikamwambia mbele ya wateja asiguse tena kitu cha kaka yangu.

Hakupandisha sauti. Aliuliza tu:

"Mbele ya kukufa, mashine ilisema nini?"

Nikafungua folda ya crash. Tupu.

Iko hivi: mfumo ukianguka, huandika dump, yaani nakala ya yaliyokuwa kwenye memory, kwenye swap. Ukiwaka tena, dump inatakiwa ihamishwe kwenye folda ile ya crash. Kwangu swap ilikuwa inafungwa kwanza kwa ufunguo mpya na kuanza kutumika. Maneno ya mwisho yanafutwa kabla hayajasomwa.

Papa Aline akacheka. "Njo kusema ulizika muntu na barua yake mukononi, kisha unauliza batu nani alimuua!"

Tukatenga partition, yaani kipande cha diski, ndogo ya dump peke yake, isiyofungwa. Tukakaa kusubiri.

Mashine ikagoma kuanguka. Siku tatu! Sijaona watu wawili wakisikitika hivyo kwa sababu kompyuta inafanya kazi.

Ijumaa, nikichapa kijitabu cha misa ya kuondoa matanga, kwenye ukurasa wenye picha ya kaka, ikaanguka. Tukapiga makofi.

Maman mmoja aliyekuwa anangoja fotokopi akatukazia macho: "Na bado muko kwenye kilio?"

Dump ilikuwepo. Papa Aline akaisoma, akasema memory ndiyo mbovu. Akafungua mashine, akachomoa barrette.

"Hii ni ya nani?"

"Yangu."

"Basi, mwenye kuua amekaa mustari wa mbele, analia kupita bote."

Kijitabu kikatoka chote bila kukwama. Kwenye matanga nikasimama, nikamwomba Papa Aline msamaha mbele ya watu, wateja walewale wakiwemo.

Somo: funga siri zako, lakini tenga mahali pa maneno ya mwisho. Ukishaisoma dump ifute, maana inabeba kila kilichokuwa kwenye memory, siri zako zikiwemo.

Kaka alipokuwa hospitalini alitaka kusema kitu. Nikamwambia apumzike, atasema kesho. Hilo halina partition.

Ninyi dump zenu mnazihifadhi wapi? Nikosoeni bila huruma. Papa Aline naye anasoma uzi huu, kwa hiyo msinitetee.